Bi Mkubwa wa Ndooni

Cherehani ilinyamaza, na Mkandaji akajua ameonekana.

Mama Cherehani ndivyo alivyokuwa. Alishonea barazani kwake, hatua chache kutoka bombani, miguu ikikanyaga pedali tangu alfajiri hadi taa zinapowashwa. Mtu akipita na jambo la kawaida, cherehani iliendelea kulia. Akipita na jambo la kutazamwa, ilikatika katikati ya mshono, na kimya chake kilisikika mbali kuliko kelele yake. Wasichana wa mtaa ule walijifunza mapema kuzunguka nyuma ya nyumba.

Jioni ile Mkandaji alikuwa amebeba ndoo. Aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili, ameifunika taulo, anatembea taratibu kama mtu mwenye mtoto mchanga aliyelala.

"Baba Pacha."

"Naam, dada."

"Tumesikia tanuri limeporomoka."

"Limeporomoka, dada. Paa lote limeingia ndani. Tajiri amesafiri kufuata matofali."

"Poleni. Kwa hiyo mkate hakuna."

"Hakuna kabisa."

"Na hiyo ndoo?"

"Chachu."

Mama Cherehani aliitazama ndoo, akalitazama taulo, halafu akamtazama mwenyewe usoni. "Chachu," alirudia, kama mtu aliyeambiwa kwamba kuku wake ametaga kiatu. "Haya. Wasalimie."

Mkandaji akapita bila kusimama. Siku zote alikuwa akisimama. Kila asubuhi, akitoka bekari na unga kwenye nyusi, alipitia baraza lile kwanza, akaweka mkate mmoja wa moto juu ya meza ya cherehani, umezungushiwa gazeti, ndipo akaelekea kwake. Jioni ile mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa uzito, na nia yake ilikuwa moja tu: kufika. Hakugeuka nyuma. Angegeuka, angeona kwamba cherehani haikuanza kulia tena mpaka alipofunga mlango.

*

Tuelewane: mtaa ule haukuwa na njaa. Chakula kilikuwepo. Kilichopotea ni mkate, na mkate wa asubuhi, wenye ganda linalovunjika kwa sauti chini ya kidole, huukumbuki mpaka chai imeshamiminwa. Maduka yalileta mikate ya nailoni, ile ya kufungwa mifukoni, kutoka mbali, mikate iliyosafiri kuliko wateja wake. Ukiikata inamwagika kama vumbi la mbao. Mwalimu wa hesabu alikiri kwamba tangu tanuri lianguke anafundisha kwa hasira. Fundi viatu aliapa kuwa amepata kipande kigumu sana na sasa anakigongea misumari. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alikuwa na kipande cha namna hiyo nyumbani kwake.

Hasira ya kukosa mkate ni hasira ndogo. Haikutoshi kuandamana, haikutoshi hata kugombana na mkeo. Lakini inataka pa kutua, na mtaani pale ilipata pa kutua upesi: nyumbani kwa mtu anayefanya kazi bekari.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha nje kilikuwa cha Mama Pacha, mke wa Mkandaji, aliyekuwa akipiga pasi nguo za watu. Kamba ilipita toka ukuta hadi ukuta, mashati ya maofisini yamening'inia kama mkutano wa watu wasio na vichwa. Chumba cha ndani walilala wote: wao wawili, mapacha wao wa kike, na kwa wiki zile mama mzazi wa Mama Pacha, aliyekuja kung'olewa meno na kusubiri mengine ya kubandika.

Mkandaji alitua ndoo chini ya meza ya pasi, mahali penye joto, akafunua taulo. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama uji mzito, kinachotoa povu moja moja polepole, harufu yake kama ya tunda lililoiva likapitiliza.

"Nini hii?" akauliza Mama Pacha, pasi juu.

"Huyu ndiye Bi Mkubwa. Ndivyo tunavyomwita kazini. Mama yake Tajiri alimwanzisha kwa unga na maji kabla Tajiri hajazaliwa. Kila siku tunachota sehemu, tunakandia mikate. Kinachobaki tunakilisha unga na maji, kesho yake amejaa tena. Mikate yetu haina siri nyingine. Ila asipolishwa, anakufa."

"Na akifa?"

"Tajiri ameshasema. Tanuri ni matofali tu, atajenga jingine. Lakini nikimuua huyu, nisirudi bekari hata kufuata kofia yangu."

Mama Pacha aliinama akachungulia. Povu likapasuka kama linamjibu. "Kwa hiyo umeniletea mke mwenza."

"Mke mwenza asiyesema."

"Ndio wabaya hao."

Mapacha walicheka hadi wakajigonga mezani. Mama mkwe peke yake hakusikia. Alikuwa chumba cha ndani amelala, shavu limevimba. Na hakuambiwa baadaye pia, kwa sababu Mkandaji alidhani mkewe amemwambia, na mkewe alidhani mapacha, wasioficha kitu, watakuwa wamemwambia siku ile ile.

*

Mke mwenza yule alikuwa na mdomo. Kila asubuhi Mkandaji alimtoa uani apate jua, akamlisha kikombe cha unga na kikombe cha maji, akakoroga kwa mwiko huku akimsemesha. "Umeamkaje, Bi Mkubwa? Umelala vizuri? Kula, mama, kula, tanuri lako liko njiani." Kisha akaenda kusaidia kukanda udongo wa tanuri, kazi isiyolipwa, kwa sababu bekari ililipa kwa siku ya kuoka na siku za kuoka hazikuwepo.

"Mfuko wa unga unakwisha," Mama Pacha alimwambia. "Watoto wanakunywa chai tupu, ndoo inakula ngano."

"Ni siku chache."

"Hata wewe nilikukubali kwa siku chache. Angalia sasa hivi niko na mapacha."

Ukuta wa uani ulikuwa mfupi, wa kuanikia magodoro. Upande wa pili, Mama Cherehani aliosha kikombe chake kimoja kwa muda mrefu sana, na katika yote aliyoyasikia akashika moja: unga.

Siku hiyo hiyo karani mmoja alikuja kuchukua mashati yake. Alikuwa mteja wa zamani, mtu wa heshima, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alilipa, akakunja mashati kwenye mkono, lakini hakuondoka.

"Mama Pacha," akasema, sauti ikishuka. "Hata nusu tu. Sitamwambia mtu."

"Nusu ya nini, kaka?"

"Ah. Basi, basi." Alivuta hewa puani. "Harufu naisikia, lakini basi."

"Kaka, hiyo ni chachu. Karibu, tazama mwenyewe."

"Sina haja ya kukutazamia nyumba, shemeji. Kila mtu na watoto wake." Akatazama kamba. "Na yale mawili ya bluu nipe tu."

"Hayajapigwa pasi."

"Nipe tu. Nimekumbuka dada yangu amenunua pasi."

Mama Pacha aliyatungua, akayakunja vizuri kuliko mashati yanayolipiwa, akampa. Mchana akaja mwingine mwenye dada aliyenunua pasi. Kufikia jioni kamba ilikuwa na nafasi ya kutosha kukausha nguo zao wenyewe.

*

Mama Cherehani alikuja asubuhi iliyofuata, ameshika sketi ya marinda mkono mmoja na kopo lake la vifungo mkono wa pili.

"Nipigie haya marinda, mwanangu. Ya mteja, na pasi yangu imekufa."

Mama Pacha alishukuru moyoni, maana angalau mmoja alikuwa amerudi. Akaingia ndani kuchomeka pasi. Uani alibaki jirani, ndoo na kikombe cha kulishia. Kopo halikuwa na vifungo. Vilikuwa vimemwagwa nyumbani juu ya kitanda. Taulo likafunuliwa, kikombe kikazama, kopo likafungwa, na Mama Pacha alipotoka na sketi alimkuta mgeni wake anasifia anga.

"Kopo lako limechafuka nje, mama," akasema Mama Pacha.

"Gundi," akajibu Mama Cherehani.

Jioni walikutana bombani, wanawake watano au sita na ndoo zao, wakiongea juu ya jambo lile lile. Mmoja akasema amekata mkate wa nailoni kwa msumeno. Mwingine akasema mumewe ananusa gazeti la zamani la kufungia mkate, anafumba macho, ndipo anakunywa chai. Mama Pacha naye alicheka, na kicheko chake kilipozima akakuta amebaki anacheka peke yake.

"Wewe una haki ya kucheka," akasema Mama Cherehani.

"Kwa nini, mama?"

"Aliyeshiba hucheka. Mimi sisemi kwa mdomo mtupu. Tajiri anarudi. Na akirudi, mimi ninao ushahidi. Nimeufungia kabatini."

"Basi ufungie na kufuli," akasema Mama Pacha akijitwisha ndoo yake, "usije ukatoroka."

Wanawake waliangua kicheko, na safari ile kilikuwa upande wake. Lakini alifika nyumbani nusu ya maji yamemwagikia mgongoni. Hakumwambia mumewe. Ushahidi wa nini? Maneno ya mwanamke mwenye muda mwingi, basi.

*

Aliyeyabeba maneno ya bombani hadi mwisho alikuwa mama mkwe.

Alikwenda huko siku nne baadaye, kujinyoosha tu, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu. Si wote walioijua sura yake. Akamsikia mmoja akisema: "Mkwe wake mwoka mikate, na bibi wa watu anatafuna nailoni kwa ufizi. Wenyewe wanakula wapi? Wanajifungia ndani."

Bibi alikaza kitambaa chake cha kidevuni. Alirudi polepole, akakaa kwenye kiti karibu na meza ya pasi, akamtazama binti yake akikunja shati la mwisho lililobaki, la mtu asiyekuwa na dada. Binti alipotoka kulipeleka, na mapacha wakiwa shule, nyumba ilikuwa kimya. Kimya kile kilimfanya bibi afanye alichofanya maisha yake yote akiumia: akafagia. Akafagia chumba cha ndani, akafagia cha nje, akainama kufagia chini ya meza, na huko akaikuta ndoo.

Akafunua. Akanusa. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Unga umekandwa, akajisemea, tena kwa wingi, halafu umesahaulika hadi unachacha. Watu wa kazi hao. Wana unga wa mkate ndani ya nyumba na wanasemwa bombani kwa kukosa mkate. Bibi aliosha mikono hadi kwenye viwiko. Kwa mara ya kwanza tangu aje, alijisikia si mgonjwa wala mgeni.

*

Mkandaji alirudi jioni anaimba. Udongo ulikuwa umemkaukia hadi mabegani, na habari aliyobeba ilikuwa tamu: paa la tanuri limefungwa kwa matofali aliyoyatanguliza Tajiri. Kesho litawashiwa moto mdogo wa kulikausha, Tajiri atakuwa amefika, na keshokutwa watu watakula mkate.

Alipofungua mlango, mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa kitenge chake cha safari. Mapacha walikaa kwenye mkeka wamekodoa macho. Juu ya meza ya pasi palikuwa na sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Kaa, mwanangu," akasema bibi. "Kaa kwenye kiti, siyo kwenye stuli. Leo utakula kama mwenye nyumba."

Akafunua. Kilikuwa kitu cha mviringo, cha kahawia iliyokoza, chenye alama za sufuria pembeni. Hakikuwa kimeumuka. Kilikaa kwenye sahani kama jiwe la kusagia.

"Mkate," akasema bibi. "Nimeuoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Nani atasema tena kwamba nyumba hii haina mkate?"

Mkandaji alinawa, akakaa, akakatiwa kipande. Aliuma. Ladha aliijua kabla meno hayajakutana. Uchachu ule ulioanza pembeni mwa ulimi kisha ukapanda puani, aliuonja kila alfajiri ya kazi yake, kidole kimoja, kupima kama yuko tayari. Alimtambua kama unavyomtambua ndugu yako kwa kikohozi.

Akatafuna. Akameza.

"Mama," akasema polepole sana. "Unga huu... umeutoa wapi?"

"Si ile ndoo ya chini ya meza! Ulikuwa umeshaanza kuharibika, baba, nimeuwahi. Nimeongeza sukari na chumvi."

"Umeubakiza kidogo?"

"Nibakize?" Bibi alicheka, mkono mdomoni kuficha ufizi. "Sikubakiza hata wa kuziba ukucha. Na ndoo nimeisugua kwa mchanga na maji ya moto na sabuni, iko pale inang'aa, unaweza kujitazamia."

Ndoo ilikuwa mlangoni. Ilikuwa inang'aa kweli.

Kuna maneno yanayofaa kusemwa wakati kama huo, na mengine hayafai hata kufikiriwa, lakini hakuna hata moja kati yake ambalo mwanamume anaweza kumwambia mama wa mkewe, aliyevaa kitenge cha safari kwa ajili ya kumwandalia kipande cha mkate. Mkandaji alimaliza kipande chake. Kisha akasogeza sahani.

"Niongezee, mama."

"Eeh! Ni mtamu?"

"Sijawahi kula mkate kama huu."

"Baba," akasema pacha mmoja, "unalia?"

"Wa moto," akasema Mkandaji. "Mkate ni wa moto."

*

Mama Pacha alimkuta uani, ameinamisha kichwa ndani ya ndoo safi, anaikwaruza kwa ukucha na kunusa ukucha.

"Sabuni," akasema bila kunyanyuka. "Sabuni tupu."

Alipomweleza, Mama Pacha alikaa chini palepale, kwenye saruji. Kwa dakika nzima aliziba mdomo kwa mikono yote, na hakuna aliyeweza kujua kama analia au anacheka, hata yeye.

"Wote?"

"Wote. Na mimi nimekula vipande viwili."

"Vya nini viwili?"

"Ningefanyaje? Alinitazama."

"Nikamwambie mama..."

"Usimwambie. Hata siku moja." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilikuwa na kufuli. "Ukimwambia, atafunga mizigo kesho na meno hana. Acha."

"Basi nunua hamira ya paketi. Koroga na unga, weka kwenye ndoo. Nani atajua?"

"Tajiri atajua kabla hajashuka kwenye gari. Yule alinyonyeshwa huku ananusa ndoo ile." Akajifuta uso, akaacha michirizi ya udongo. "Nitamngoja kesho pale mlangoni, nimwambie Bi Mkubwa amekufa mikononi mwangu. Kisha nichukue kofia yangu. Au hata kofia niiache."

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa inalia, trrr, trrr, bila wasiwasi wowote. Mama Pacha aliisikiliza. Aliisikiliza sana. Halafu akamshika mumewe mkono.

"Lile kopo," akasema.

"Kopo gani?"

"Gundi! Gundi gani ya mshonaji? Alikuja na marinda. Nikaingia kuchomeka pasi, nikamwacha hapa na ndoo. Akasema bombani ana ushahidi, ameufungia kabatini, wa kumwonyesha Tajiri." Alikuwa ameshasimama. "Baba Pacha, yule mama amemwiba mke mwenza wangu."

Mkandaji alimtazama kama mtu anayeota. "Ana siku ngapi? Atakuwa amekufa. Hajalishwa."

"Tutajua. Nenda ukaombe."

"Mimi? Mimi ndiye mwizi kwake. Nenda wewe."

"Mimi nilimwambia aufungie na kufuli mbele ya watu!"

"Basi unajua njia."

*

Cherehani ilinyamaza Mama Pacha akiwa bado barabarani.

"Hodi, mama."

"Umekuja kunitukana au umekuja kuomba?"

Mama Pacha alivua kandambili. Alikuwa na majibu mazuri matatu kwa swali hilo, na yote akayaacha nje.

"Kuomba."

"Basi pita ndani. Kuomba hakufanyiwi barazani."

Chumba kilikuwa kidogo na safi mno. Vifungo vilitandazwa kitandani kwa rangi. Kikombe kimoja kwenye msumari. Kabati lilifungwa kwa kamba ya mpira iliyozungushwa vitasa vyote viwili.

"Ule ushahidi wako, mama. Bado upo?"

"Upo. Unautakia nini?"

"Ni mzima?"

Mama Cherehani alitupia kabati jicho la mtu mwenye mgonjwa mkorofi ndani. "Ni mzima wa kunishinda."

Akafungua mpira. Milango ikafunguka yenyewe. Kopo la vifungo lilikuwa tupu, pembeni. Bi Mkubwa alikuwa ameshahamia kwenye sufuria, na kifuniko cha sufuria alikuwa amekiinua kichwani kama kofia, na upande mmoja alikuwa ameteremka taratibu juu ya kitambaa cha harusi cha mtu.

"Siku ya kwanza ulitulia," akasema Mama Cherehani, kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo ambayo hakuulizwa. "Ya pili ukanywea, ukatoa maji. Nikasema, sasa nitamwonyesha Tajiri nini, maji machafu? Ushahidi ukifa, kesi imekufa. Nikakumbuka mumeo anavyofanya. Unga kikombe, maji kikombe. Ukafufuka. Tangu hapo haunipi raha. Nimeamka mara ngapi kuutazama."

"Na huwa unausemesha?"

"Hilo halikuhusu."

Mama Pacha alikalia ukingo wa kitanda, vifungo vikamtiririkia, akasema yote: ndoo, tanuri, bibi, kitenge cha safari, vipande viwili. Hakuficha hata kamba tupu ya nguo. Alipofika kwenye "niongezee, mama," Mama Cherehani alitoa sauti ya ajabu, kama uzi unaokatika, akageukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akashika cherehani asianguke. Kisha kicheko kikaisha, na alipogeuka hakuwa na uso wa mchezo.

"Kwa hiyo hamkuwa na mkate."

"Hata kipande."

"Na mama yako anatafuna nailoni kweli."

"Analoweka kwanza."

Mama Cherehani alijifuta macho kwa kipande cha bitana. "Mimi si mtu wa kufuatilia ndoo za watu," akasema. "Lakini asubuhi zote mumeo anapitia hapa kwanza. Mkate wa moto mezani, 'umeamkaje, dada,' ndipo aende kwake. Ndiyo hodi pekee ninayopigiwa ambayo haina nguo ya kupunguza kiuno. Halafu siku hiyo anapita na ndoo amekumbatia, ameifunika taulo, ananitazama kama mlingoti. Nikasema, aa. Ulipopatikana mkate wa kuficha, mimi ndiye wa kufichwa."

"Mikono ilikuwa imekufa ganzi, mama. Aliogopa angesimama angeiangusha."

"Angesema."

"Angesema," akakubali Mama Pacha.

Mama Cherehani alichukua kijiko, akakwangua kitambaa cha harusi kwa uangalifu, hadi tone la mwisho likarudi sufuriani. Akafunika, akaifunga sufuria kwa taulo lake mwenyewe, lile zuri, akamkabidhi.

"Nataka kitu kimoja. Mwambie siku nyingine mikono ikimfa ganzi, aitue ndoo hapa. Meza ninayo."

*

Tajiri alifika kesho yake adhuhuri, mwanamke mnene mwenye vumbi la safari na fungu la funguo kiunoni. Hakutazama tanuri lililokuwa linatoa moshi mwembamba wa kukauka. Alimtazama Mkandaji.

"Yuko wapi?"

Mkandaji alimwonyesha ndoo. Alikuwa amemlisha usiku kucha na asubuhi nzima, lakini bado alifika robo tu.

"Amepungua."

"Amepungua, Tajiri."

"Nilikupa ndoo imejaa. Sehemu yake nyingine iko wapi?"

Mkandaji alivua kofia, akaishika mkononi, ili ikibidi kuondoka asisahau. "Nimemla."

Mafundi waliokuwa wanachanganya udongo waliacha makoleo.

"Umefanya nini?"

"Nimemla, Tajiri. Aliokwa kwa bahati mbaya nyumbani kwangu, na kosa ni langu, sikusema ndani ya ndoo mna nini. Huyu aliyebaki alikuwa kwa jirani yangu. Yule jirani ndiye aliyemtunza. Bila yeye ningekuja na ndoo tupu."

Tajiri aliinama. Alichovya kidole, akaonja, akafumba macho muda mrefu kiasi kwamba fundi mmoja alikohoa.

"Ni yeye," akasema mwishowe. Akafumbua jicho moja. "Na huko kuokwa, alikuwaje?"

"Mgumu, Tajiri."

"Mama alikuwa hivyo hivyo," akasema Tajiri, na tumbo likaanza kumtikisika kwa kicheko. "Vaa kofia yako. Na mwezi huu unga aliokula kwako nitaurudisha, mfuko mzima. Mkate wa kwanza utakaotoka humu, mpelekee huyo jirani."

*

Ulitoka alfajiri ya siku ya tatu, kwa kuwa Bi Mkubwa hakukubali kuharakishwa. Harufu ilitangulia mtaani kabla ya jua. Milango ilifunguka mmoja mmoja, watu wakatoka na nguo za kulalia bila aibu. Karani alikuwa wa nne kwenye foleni, mashati mawili ya bluu mkononi. Alipomwona Mama Pacha alisema, bila kuulizwa, kwamba pasi ya dada yake imeungua.

"Pole yake," akasema Mama Pacha. "Ya mikunjo mingi hivi huwa nazidisha bei kidogo." Karani akalipa.

Mkandaji alipita na mikate miwili ya moto, kila mmoja umezungushiwa gazeti. Cherehani ilikuwa inalia. Alisimama barazani, akauweka mmoja mezani.

"Umeamkaje, dada?"

"Nimeamka salama, Baba Pacha," akasema Mama Cherehani, bila kuinua macho, na mguu wake haukuacha pedali. Ila mshono ulikwenda upande, na ilibidi aufumue baadaye.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshakaa, chai imemiminwa. Mkandaji alimkatia kipande cha ndani, laini, kinachotoa moshi. Bibi alikiweka kinywani, akakizungusha polepole kati ya ufizi na ufizi. Wote walimngoja. Mapacha walijiziba midomo, maana walikuwa wameahidiwa adhabu wakicheka.

"Mm," akasema. "Ni laini. Wangu ulikuwa na uzito zaidi, ulikaa tumboni. Lakini huu nao si mbaya." Akauma tena, akafikiri. "Una uchachu kama wangu."

Mama Pacha aligeukia ukuta.

"Ndiyo, mama," akasema Mkandaji, akimkatia kipande kingine. "Ni ukoo mmoja."